Kamanda Shaweji na Ndege Kumi na Nne

Ilikuwapo nchi moja, na ukidhani ni ya kwenu, hayo umeyasema wewe. Nchi hiyo haikuwa na bahari. Kaskazini hapakuwa na bahari, kusini hapakuwa na bahari, na upande wa mashariki, ambako tetesi zilisema huenda ipo, wataalamu waliotumwa kuitafuta walirudi baada ya miezi minne na gunia la matikiti. Lakini Jeshi la Wanamaji lilikuwapo, tena kubwa. Mheshimiwa Rais aliwahi kualikwa ugenini, akaona sare nyeupe zenye vifungo vya dhahabu, akazipenda, akashonewa; na haipendezi mtu mzima kuvaa sare ya jeshi ambalo halipo.

Jeshi likapewa bwawa la kumwagilia mpunga. Pantoni iliyokuwa ikivusha ng'ombe ikapakwa rangi ya kijivu, ikaitwa manowari ya kubeba ndege, na ng'ombe wakaandikiwa barua ya kushukuriwa kwa utumishi wao. Juu ya manowari hiyo ilikaa ndege moja ya kivita, imechorwa nanga ubavuni. Ndege ilihitaji hatua mia tatu ili iruke, na pantoni ilikuwa na hatua thelathini na mbili. Kwa hiyo mabaharia arobaini waliisukuma kwa wimbo, wakaiachia ukingoni, na yaliyobaki yakawa kati ya rubani na Mola wake.

Rubani huyo alikuwa Kamanda Shaweji Mbonde, shujaa wa taifa. Alikuwa na nishani sita kifuani upande wa kushoto na moja upande wa kulia, ya kumsawazisha asitembee upande. Alikuwa mtu mpole, mwenye masikio makubwa na sauti ndogo, na kila alipoona jiwe barabarani alilizunguka kwa mbali.

Ushujaa wake ulitokana na Vita vya Jumanne. Vita hivyo vilianza baada ya mkutano wa ujirani mwema, ambapo Rais wa nchi jirani, nchi ya Ng'ambo, alipewa kiti chenye mito miwili na Rais wa nchi hii akapewa kiti chenye mto mmoja. Vita vikatangazwa Jumanne asubuhi baada ya chai. Majeshi ya pande zote mbili yakaenda mpakani kwa kishindo, yakakuta kibao: "Daraja linatengenezwa. Samahani kwa usumbufu." Yakakaa chini, kila jeshi ng'ambo yake, yakaanza kuulizana habari za nyumbani. Ndipo Mheshimiwa Admeri, mkuu wa wanamaji, alipokumbuka kwamba ana ndege.

"Ruka ukawasambaratishe!" akamwamuru Shaweji.

"Afande, risasi zimefungiwa stoo. Mtunza stoo ameenda msibani na ufunguo."

Admeri akafikiri kidogo. "Basi nenda ukawatishe kwanza. Risasi zitafuata."

Shaweji akasukumwa, akaruka, akapotelea mawinguni. Siku ya tatu akarudi kwa miguu, bila ndege, nywele zimejaa vumbi la mahindi na viganja vimechubuka. Alipoulizwa yaliyotokea, alitazama chini kwa aibu, akakaa kimya. Kimya hicho kikampendeza Admeri kupita kiasi.

"Mnamwona?" akawaambia waandishi wa habari. "Shujaa wa kweli hajisifu! Nitamsifu mimi."

Akamsifia ndege moja ya adui aliyoiangusha. Mwaka uliofuata, katika sherehe za kumbukumbu, ndege zikawa mbili. Mwaka wa tatu zikawa nne, maana mwaka huo kulikuwa na uchaguzi. Kufikia mwaka wa kumi Kamanda Shaweji alikuwa ameangusha ndege kumi na nne, ilhali Ng'ambo haijawahi kuwa na ndege zaidi ya moja, tena ya kuazima. Watoto wa darasa la nne walikuwa wakiulizwa kwenye mtihani wa hesabu: "Ikiwa Kamanda Shaweji aliangusha ndege kumi na nne kwa siku tatu, aliangusha ngapi kabla ya chakula cha mchana?"

Mara moja tu alijaribu kusema ukweli. "Afande," alimwambia Admeri, "kuhusu ile siku, kwa kweli..."

"Ziliongezeka tena?" akauliza Admeri, akatoa kalamu.

*

Mwaka huo wa kumi serikali ikagundua kwamba nchi ina mashujaa wengi kuliko wananchi. Wilaya moja yenye watu elfu sita ilikuwa na mashujaa elfu saba, na mia nne kati yao walikuwa hawajazaliwa wakati wa vita. Likatangazwa zoezi la uhakiki. Kila shujaa alete jalada lake, lichambuliwe, na mashujaa hewa waondolewe mara moja. Bwana mmoja mwembamba aitwaye Ligunda, aliyekuwa amehakiki vyeti vya walimu mpaka shule tatu zikabaki na kengele tu, akateuliwa kuwa Mhakiki Mkuu wa Ushujaa.

Barua ya Shaweji ilifika Jumatatu. Akaenda ofisini, akakuta jalada lake limefunguliwa mezani.

"Kamanda, hongera kwa ushujaa," Ligunda alisema bila kuinua macho. "Fomu namba saba haimo."

"Fomu namba saba ni ipi, mzee?"

"Uthibitisho wa Adui. Adui uliyemwangusha anajaza jina lake, mahali alipoangukia, na kwamba ameridhika kuwa ameangushwa. Anasaini. Anaambatanisha picha mbili ndogo, nyuma yake kuwe na rangi ya bluu."

"Na kama adui alikufa?"

"Alete cheti cha kifo."

"Alete nani?"

"Mhusika," Ligunda akasema, akimshangaa. "Au unataka kiletwe na mtu baki? Hatuendeshi ofisi hivyo."

"Na nisipoileta?" akauliza Shaweji.

Ligunda akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kama mtu anayesoma orodha ya vyakula hotelini. Nishani zitarudishwa. Ushujaa utafutwa. Zikifutwa zile siku tatu za ushujaa, basi askari hakuwapo kazini siku tatu wakati wa vita, na huo ni utoro vitani, na utoro vitani ni miaka mitano ya kufyeka majani kuzunguka bwawa. "Mwisho ni Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, kwenye sherehe ya Siku ya Mashujaa. Majina yatasomwa hadharani. Tungeifanya Jumanne yenyewe, ila Jumanne kuna vikao."

*

Nyumbani mkewe, Mwajabu, alikuwa akichambua mchicha. Alimwangalia mara moja tu akajua.

"Leo shujaa amekuwaje? Umekutana na jiwe?"

Shaweji akavuta kigoda, akavua nishani zote saba, akaziweka kwenye ungo juu ya mchicha. "Mwajabu, mimi sikuangusha ndege."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nilikutana na rubani wa Ng'ambo, anaitwa Kapteni Kapufi. Naye hakuwa na risasi. Tukawa tunazungukana tu huko juu, tunaoneshana ngumi. Chini yetu kulikuwa na shamba la bibi mmoja, yuko juu ya dungu analinda mahindi yasiliwe na ngedere. Ndege zetu zikawa zinamtishia kuku. Akachukua kombeo."

Mwajabu akaacha kuchambua. "Akachukua kombeo."

"Jiwe la kwanza likaingia kwenye injini yangu. Kapufi akawa anacheka, namwona kabisa kwa kioo, mpaka la pili likamfikia yeye. Wote tukaangukia kwenye mahindi. Bibi akatutoa mmoja mmoja kwa sikio, akatuambia tumemwangushia matuta mawili, basi tutamlindia shamba mpaka avune. Tumekaa juu ya lile dungu siku tatu tunapigia ngedere kelele. Siku ya tatu alipokwenda kusaga, tukatoroka, kila mtu kwao."

Mwajabu alicheka akaegemea mlango, akacheka akakaa chini, akacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Alipopata pumzi akajifuta macho kwa khanga.

"Miaka kumi nakula na shujaa, kumbe nakula na mfukuza ngedere. Haya, baba, kafungwe au katafute saini. Mimi bwana wa kufyeka majani bwawani simtaki. Chukua baiskeli yangu."

Baiskeli ilihitajika kweli, kwa sababu gari la wanamaji lilikuwa limebeba mashua, na mashua ilikuwa na mabaharia waliokuwa zamu, na zamu haikuruhusu mashua kuguswa na maji wala kutoka garini.

*

Alhamisi asubuhi Shaweji akafika kwenye daraja la mpakani. Kibao kilikuwa palepale, "Daraja linatengenezwa," ila kwa miaka kumi kilikuwa kimepakwa rangi mpya kila mwaka. Katikati ya daraja kulikuwa na mbao moja ya kupitia, na juu ya mbao hiyo, kutokea upande wa pili, alikuwa akija mtu mfupi mnene anayesukuma baiskeli, ameshika bahasha ya kaki. Kifuani alikuwa na nishani tisa.

"Kapufi?"

"Shaweji! Ewe mwanaharamu, nilikuwa nakuja kwako!"

Wakakumbatiana mpaka baiskeli zikaanguka. Nchi zote mbili zilitawaliwa zamani na mkoloni mmoja, na mkoloni alipoondoka aliwaachia fomu zilezile. Na zoezi la uhakiki lilikuwa limevuka mpaka kama mafua.

"Wewe huko uliniangusha mara ngapi?" akauliza Shaweji.

"Kumi na moja. Na wewe?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne!" Kapufi akapiga mluzi. "Ninyi mna Admeri mzuri."

Wakakaa kwenye ukingo wa daraja, wakasainiana. Shaweji akathibitisha kuwa ameangushwa na Kapufi na ameridhika. Kapufi akathibitisha kuwa ameangushwa na Shaweji na ameridhika sana. Wakabadilishana picha zenye rangi ya bluu nyuma. Walikuwa wameshaanza kupongezana Kapufi alipogeuza ukurasa wa nyuma, akaufuata mstari kwa kidole.

"Kuna kifungu cha tisa."

"Kinasemaje?"

"'Mwenye eneo ambalo adui aliangukia ataje chanzo cha kuanguka, kisha asaini.'"

Wakatazama upande wa mto. Kule kwenye kipande cha ardhi, katikati ya mitaro miwili, shamba la mahindi lilikuwa likimeremeta. Ramani ya nchi hii iliishia kwenye mtaro wa kwanza. Ramani ya Ng'ambo iliishia kwenye mtaro wa pili. Hapo katikati hapakuwa pa mtu yeyote isipokuwa Bibi Kalunde.

"Pengine ameshakufa," Kapufi akasema kwa matumaini.

Jiwe likapita kati ya vichwa vyao, fyuu, likaenda kugonga kibao cha daraja.

"Hajafa," akasema Shaweji.

*

Bibi Kalunde alikuwa juu ya dungu lake kama walivyomwacha, mkavu, mweusi, amefunga kitambaa chekundu, kombeo mkononi. Ndege ya Shaweji ilikuwa imegeuzwa banda la kuku. Kuku mmoja alikuwa akitagia pale pa kukaa rubani. Bawa la ndege ya Kapufi lilikuwa limeezekwa jikoni.

"Shikamoo, Bibi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Wapi mlikotorokea? Nimekwenda kusaga, nimerudi, dungu tupu, ngedere wanakula kama wamealikwa. Na yupi kati yenu alikuwa akilala zamu?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Nilijua. Wote."

Wakamweleza shida yao. Bibi akashuka, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akazisoma fomu zote mbili neno kwa neno. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima na kuimaliza akiwa wa kwanza, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja karatasi ya maana ya kuandikia. Penye "Chanzo cha kuanguka" palikuwa na visanduku: risasi, kombora, hali ya hewa, mengineyo. Akaweka alama kwenye mengineyo, na kwa herufi kubwa za kunyooka akaandika: KOMBEO LANGU.

"Bibi," Shaweji akanyenyekea, "tafadhali, weka alama kwenye risasi. Nitafungwa miaka mitano."

"Risasi gani? Ulikuwa na risasi?"

"Sikuwa nazo."

"Sasa mwanangu, mimi mtu mzima niandike uongo kwenye karatasi ya serikali? Huo waandike wenyewe, ndio wenye kalamu nyingi." Akasaini, akageuza. Chini kulikuwa na nafasi ya maoni. Akaandika maoni pia, kwa muda mrefu, akiulamba wino wa kalamu, na hakuwaonesha. Kisha akawapa kila mmoja mahindi mawili ya kuchoma, akawafukuza kwa upole.

Njiani Shaweji alisimamisha baiskeli mara tatu. Mara ya kwanza akataka kuichana fomu. Mara ya pili akataka kuikimbia nchi, akakumbuka kwamba hakuna atakakofika Mwajabu asimfuate. Mara ya tatu akakaa chini ya nguzo ya simu, akala hindi moja. Alijiona akisimama tena jukwaani mwakani, ndege zikiwa kumi na sita, akitazama chini kwa aibu huku watu wakishangilia aibu hiyo. Akala na la pili. Akaona kufyeka majani kunachosha mgongo tu, lakini hili lingine linachosha kila mahali. Akapanda baiskeli.

*

Ijumaa uwanja ulifurika. Bendi ya wanamaji ilipiga, turubai lilisimikwa, na Mheshimiwa Admeri akasimama mbele ya kipaza sauti akiwa amevaa koti la mvua la baharini, jua likiwa kali kama nini.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi zina bahari na hazina mashujaa. Je, bora nini? Sisi tumeamua kuanza na mashujaa, bahari itafuata! Mwaka huu napenda kuwatangazia kwamba ndege za Kamanda Shaweji, baada ya utafiti wa kina, sasa ni kumi na..."

"Samahani, mheshimiwa," akasema Ligunda, akainuka na jalada. "Ni saa tisa na nusu. Kamanda Mbonde, fomu namba saba."

Shaweji akapanda jukwaani. Kila alipopiga hatua nishani zilikuwa zikilia kama kengele za mbuzi. Akatoa fomu. Mwajabu, aliyekaa mstari wa tatu, akaacha kutafuna karanga.

Ligunda akasoma kimya. Akageuza. Akasoma tena. Uso wake, ambao haukuwahi kuonekana ukicheka tangu uhakiki wa walimu, ukaanza kulainika.

"Imejazwa yote," akanong'ona. "Vifungu vyote. Saini. Picha mbili. Rangi ya bluu. Miaka kumi na tisa kazini sijawahi kuona fomu iliyojazwa yote." Kisha akasoma kwa sauti kwenye kipaza sauti: "Chanzo cha kuanguka: kombeo langu. Mwenye eneo: Bibi Kalunde."

Admeri akawa mwekundu, kisha kijivu kama pantoni yake. "Kombeo? Tumeangushwa na bibi? Mkamateni huyu! Ni mtoro!"

"Hapana, mheshimiwa," akasema Ligunda, akipekua kanuni kwa furaha. "Eneo la bibi huyu halimo kwenye ramani yetu. Halimo kwenye ramani ya Ng'ambo. Mhakiki wao alinipigia simu asubuhi akiuliza liko wapi, kwa sababu jalada la rubani wao lina saini hiyohiyo. Kwa hiyo ni dola ya tatu. Askari aliyeangushwa na dola ya tatu, akashikwa siku tatu, si mtoro. Ni mateka wa vita. Siku zake zimehesabika vizuri kabisa. Jalada limekamilika." Akaligonga muhuri kwa mapenzi.

"Ina maana tulishindwa vita?" Admeri akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Na Ng'ambo nao."

"Ng'ambo walishindwa?"

"Vibaya sana. Jiwe moja tu."

Admeri akanyakua kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Ng'ambo wameshindwa! Pigeni ngoma!" Watu wakaruka, bendi ikalipuka, akina mama wakapiga vigelegele, na Mwajabu akapiga vya kwake peke yake, virefu kuliko vya wote.

Shaweji akavuta pumzi, ya kwanza kamili katika miaka kumi. Alikuwa anataka kushuka Ligunda alipomshika mkono.

"Bado kuna maoni ya mwenye eneo. Anasema hivi: 'Walitoroka kabla sijavuna. Walale kwao leo, warudi kesho, na kila msimu mpaka nitakaposema basi. Huyu mwenye masikio aache kulala zamu.' Mateka aliyetoroka hurudishwa, Kamanda. Ni sheria ya vita."

"Narudi," Shaweji akasema haraka. "Hata sasa hivi."

*

Basi tangu hapo, kila mahindi yanapoanza kubeba, marubani wawili wa nchi mbili, wenye nishani kumi na sita kwa jumla, hupanda dungu la Bibi Kalunde. Mwajabu huwaletea chai, hukaa nao, huwasimanga. Mheshimiwa Admeri huja mara moja kwa msimu kukagua, hubaki ng'ambo ya mtaro kwa kuogopa kuingia nchi ya kigeni bila kibali, na waandishi wa habari husimama nyuma yake.

Msimu wa kwanza wa ukaguzi, Bibi alimpa Shaweji kombeo mbele ya wageni wote. Ngedere mmoja alikuwa amekaa kwenye tuta la karibu, hindi mkononi, anamenya taratibu.

"Haya, shujaa," Bibi akasema. "Lenga."

Shaweji akazungusha, akafumba jicho moja, akaachia. Jiwe likapaa, likapita juu ya ngedere, juu ya shamba, juu ya mtaro, likatua kwenye maji huko mbali. Ngedere akalisikia likidumbukia, akageuka kidogo kuangalia, akaendelea kumenya hindi lake.

Nyuma ya mtaro, Admeri akawa ameshatoa kalamu.

Kesho yake magazeti yote yaliandika: ngedere kumi na wanne.